Vilango vya Mishipa

Msomaji, umepata kuutazama mguu wa mtu mzima aliyesimama kutwa? Sisemi mguu wa mchezaji wa mpira katika uwanja wa Bukhungu, wala wa askari katika gwaride, ambao watu hulipa au hukusanyika ili wautazame. Nasema mguu wa mama arudiye jioni kutoka kazini, akavua viatu mlangoni na kuketi juu ya kigoda. Nyuma ya goti lake na katika shavu la mguu huenda ukaona mshipa uliotuna, unaopinda huku na huku mfano wa mzizi wa mti uliotokeza juu ya ardhi. Walio wengi huuona wakaupita. Mimi nami niliuona miaka mingi nikaupita, mpaka nilipopewa kazi ya kuteka maji ya kuoshea kidonda.

Kidonda hicho kilikuwa cha shangazi yangu, ambaye kwa desturi ya kwetu humwita senje. Alikaa Amalemba, mtaa wa mji wa Kakamega, akafanya kazi ya upishi katika shule moja ya bweni. Kazi ya mpishi wa shule haina kiti. Alisimama mbele ya sufuria kubwa tangu kabla ya alfajiri, akisonga sima kwa mwiko mrefu kama kasia, juu ya sakafu ya saruji iliyolowa maji. Alikuwa na umri wa miaka arubaini na kidogo wakati ngozi yake ilipoanza kugeuka rangi juu ya kifundo cha mguu wa kushoto, upande wa ndani. Iligeuka nyeusi zaidi, ikawa ngumu kama ngozi ya ngoma, ikawasha. Siku moja alijigonga kidogo kwenye kuni. Jeraha lilikuwa dogo mno, la kupona kwa juma moja. Halikupona kwa miaka kumi na mmoja.

Kila aliyekuja kumjulia hali alikuja na maelezo yake. Mmoja alisema amekanyaga kitu alichotegewa njiani. Mwingine alisema damu yake ni chafu, na kidonda ni mlango wa uchafu huo kutokea, hivyo kisifungwe. Wa tatu, ambaye alipata elimu kidogo, alinunua dukani vidonge viitwavyo rangi mbili, akavipasua na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda. Katika zahanati fulani alipewa sindano ya siku saba, na baada ya siku saba akapewa nyingine. Nilikuwa mtoto, nikishika beseni, na nilijifunza kutazama pembeni ili asione uso wangu. Alisema, "Nitazame tu, mwana. Hata mimi sikizoei."

Nimeanza na habari hii ili ujue kwamba mambo nitakayokusimulia hayakunivutia kwa sababu ya mitihani. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu nilikuta katika maktaba kitabu chakavu cha historia ya utabibu, nikakisoma nikimtafuta senje ndani yake. Nilimkuta mara nyingi, katika nchi asizozijua.

Nilimkuta kwanza Athene, mji mkuu wa Wayunani. Katika jumba la makumbusho la mji huo liko jiwe lililochongwa katika karne ya nne kabla ya Kristo, nalo laonyesha mtu aliyeshika mguu mkubwa kupita kimo chake. Na juu ya mguu huo mchongaji ametokeza mshipa mrefu uliovimba. Yaonekana ni sadaka iliyowekwa mahali patakatifu na mgonjwa aliyeomba kupona au aliyeshukuru kwa kupona. Katika maandiko ya shule ya Hippocrates twaona tayari shauri kwamba mtu mwenye donda la mguu asisimame. Shauri hilo ni jema hata leo. Lakini waliotoa shauri hawakujua kwa nini ni jema, na mtu asiyejua sababu ya shauri lake huliacha upesi akikutana na ubishi.

Warumi, kwa tabia yao, walishika kisu. Mwandishi Celsus, aliyeishi katika karne ya kwanza, aeleza jinsi mishipa iliyotuna ilivyochomwa kwa chuma cha moto au kukatwa na kutolewa kwa kulabu. Usisahau kwamba hakukuwa na dawa ya usingizi. Mgonjwa alifungwa kamba ili asiruke. Gaius Marius, jemadari aliyekuwa konsuli wa Roma mara saba, alikuwa na mishipa ya namna hiyo katika miguu yote miwili, akachukizwa na sura yake. Plutarch asimulia kwamba alikataa kufungwa, akatoa mguu mmoja, akakaa kimya bila kutikisika wala kukunja uso wakati wa kukatwa. Mganga alipogeukia mguu wa pili, Marius aliukataza, akasema kwamba ameona faida ya tiba haifai maumivu yake. Walimu wengi husimulia kisa hiki ili kusifu ushujaa wa mguu wa kwanza. Mimi nasifu zaidi akili aliyoitumia juu ya mguu wa pili.

Zama zilizofuata zilihifadhi ujuzi huo zaidi kuliko kuuongeza. Mpasuaji mkuu wa Waarabu wa Andalusi, Abu al-Qasim al-Zahrawi, aliyekufa mwaka 1013 hivi, aliandika namna ya kufunga na kukata mishipa ya miguu, na kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini kikasomwa Ulaya kwa karne nyingi. Basi kwa muda wa miaka elfu na zaidi, mikono ya matabibu ilikuwa hodari, lakini hakuna aliyeweza kujibu swali ambalo mtoto angeliuliza: damu hii iliyojaa mguuni inatoka wapi, na ilikuwa inakwenda wapi?

Kosa lilikuwa katika mafundisho ya Galen, tabibu wa karne ya pili, ambaye jina lake liliheshimiwa kiasi cha kuzuia watu kutazama kwa macho yao. Alifundisha kwamba damu hutengenezwa katika ini, ikatoka kwenda pande zote za mwili, ikaliwa huko kama maji yanywewavyo na shamba. Kama damu inakwenda tu na hairudi, mshipa uliovimba si zaidi ya mfuko uliojaa takataka. Hapo utaona kwamba yule mgeni wa senje aliyesema habari za damu chafu hakuwa mjinga wa peke yake. Alikuwa mwanafunzi wa Galen asiyejijua.

Mlango wa kutokea katika kosa hili ulifunguliwa katika mji wa Padua, Italia, na nasema mlango kwa makusudi. Mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha huko, Hieronymus Fabricius, alipokuwa akipasua maiti mbele ya wanafunzi wake aliona ndani ya mishipa ya mikono na miguu vijikunjo vya ngozi laini, vikiwa viwili viwili, vimekaa kama mifuko midogo ya shati. Alichapisha kitabu juu yake mwaka 1603, akaviita kwa Kilatini vilango vya mishipa. Ni jina zuri kuliko yote waliyopewa baadaye, na katika insha hii nitalitumia. Lakini Fabricius, ingawa alivichora vizuri sana, hakujua kazi yake. Alidhani vimewekwa ili kupunguza kasi ya damu inayoteremka, isifurike miguuni na kuiacha mikono mikavu. Aliuona mlango, akadhani ni kizingiti.

Miongoni mwa wanafunzi waliosoma Padua siku zile alikuwamo Mwingereza mfupi wa kimo na mwepesi wa hasira, William Harvey, aliyepata shahada yake mwaka 1602. Harvey alirudi London akatazama vilango vile vile kwa swali jingine. Vyote vimeelekea wapi? Akaona kwamba vyote vimefunguka kuelekea moyoni, na vyote hufunga damu ikitaka kurudi nyuma. Basi damu iliyo katika mishipa ile haitoki moyoni, inarudi. Mwaka 1628 alichapisha kitabu chake kidogo kilichothibitisha kwamba damu huzunguka: hutoka moyoni kwa mishipa ya ateri, ikarudi kwa mishipa ya vena. Miaka mingi baadaye mwanasayansi Robert Boyle alieleza kwamba Harvey mwenyewe, alipoulizwa nini kilimpa wazo hilo, alitaja vile vilango. (Naongeza hapa, kwa kuwa mara nyingi husahauliwa, kwamba Ibn al-Nafis, aliyekufa Kairo mwaka 1288, alikwisha kuandika kwamba damu hupita katika mapafu kutoka upande mmoja wa moyo kwenda upande wa pili. Kitabu chake kililala bila kusomwa na walio wengi.)

Usiniamini mimi wala Harvey. Unao mkono wako. Mwombe mwenzako akufunge kitambaa juu ya kiwiko, kwa kukaza kidogo tu, wala kisikae zaidi ya dakika moja au mbili. Kunja na kunjua ngumi. Mishipa itatuna, na hapa na pale utaona kifundo kidogo mfano wa kifundo cha muwa. Hapo ndipo penye kilango. Weka kidole kimoja juu ya mshipa upande wa kiganja, ukibonyeza. Kwa kidole cha pili sukuma damu kwenda juu mpaka upite kifundo kimoja, kisha uondoe kidole hicho cha juu. Kipande kilicho katikati kitabaki kitupu, kimelala. Damu iliyo juu haiwezi kurudi, kwa maana kilango kimefungwa. Sasa ondoa kidole cha chini. Mshipa utajaa mara moja, kutoka upande wa kiganja. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote, nalo liliangusha mafundisho ya karne kumi na nne. Nimelifanya na wanafunzi wangu kila mwaka, na kila mwaka yuko mmoja ambaye hulifanya mara tatu akiwa peke yake, baada ya wengine kutoka.

Sasa turudi mguuni. Unalijua tangi la maji lililopandishwa juu ya mnara: kadiri lilivyo juu, ndivyo maji yatokavyo kwa nguvu katika bomba la chini. Mtu aliyesimama ni mnara kama huo. Kutoka moyoni hadi kifundo cha mguu, kwa mtu mzima, ni mita moja na zaidi ya damu, na uzito wa damu hiyo yote huegemea mishipa ya chini. Akisimama kimya, msukumo katika vena za kifundoni hufika kadiri ya milimita 90 za zebaki. Lakini akianza kutembea, misuli ya shavu la mguu hukaza na kulegea, hukaza na kulegea, ikiikamua damu kwenda juu. Na kila inapolegea, vilango hufunga, damu isirudi. Katika mguu mzima msukumo huo hushuka chini ya milimita 30 baada ya hatua chache. Ndiyo maana matabibu wengine huliita shavu la mguu moyo wa pili. Ndiyo maana pia askari asimamaye saa nzima bila kujitikisa huanguka, na mwenzake anayetembea maili kumi haanguki.

Vilango vikilegea, au ukuta wa mshipa ukitanuka hata milango isikutane, damu iliyopandishwa huteremka tena. Mtu hutembea, na msukumo haushuki. Mshipa wa juu ya nyama hutuna na kujipinda. Maji ya damu huvujia ngozini, na chembe nyekundu pia, ambazo huacha chuma chake katika ngozi kikaigeuza rangi. Ngozi hukosa chakula ingawa imezungukwa na damu tele. Mahali penye taabu kubwa ni juu ya kifundo, upande wa ndani. Nilipoyasoma maneno haya katika chuo nilikifunga kitabu. Palikuwa ni pale pale nilipopaosha kwa maji ya vuguvugu miaka yote ile. Hapakuwa na mtego wala uchafu. Vilikuwa vilango.

Nani hupatwa? Kurithi kuna sehemu kubwa, na umri, na unene, na mimba nyingi, na kazi za kusimama. Wako pia wale ambao damu iliwahi kuganda katika vena za ndani za mguu, ikaviharibu vilango hata baada ya kuyeyuka. Hiyo damu iliyoganda ni hatari kwa njia nyingine tena: bonge lake likikatika husafiri mpaka mapafuni na huweza kuua mara moja. Mguu mmoja ukivimba ghafula na kuuma, hasa baada ya uzazi, upasuaji au kulala kitandani siku nyingi, mtu huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Upasuaji nitaupita upesi, kwa maana historia yake ni ndefu na fundisho lake ni moja. Mwaka 1846 Mwingereza Benjamin Brodie alieleza, na mwaka 1890 Mjerumani Friedrich Trendelenburg alitangaza kwa nguvu zaidi, jambo jepesi la kupima: mlaze mgonjwa, inua mguu mpaka mishipa iwe mitupu, bonyeza mshipa mkubwa wa paja kwa kidole, msimamishe, kisha uachie. Ukiona damu inaporomoka kutoka juu, umekiona chanzo. Trendelenburg aliufunga mshipa ule pajani. Kati ya mwaka 1905 na 1907 wapasuaji watatu wa Marekani, Keller, Mayo na Babcock, kila mmoja alibuni njia ya kuung'oa mzima, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 ndivyo ilivyofanywa. Tangu miaka ya mwisho ya karne hiyo daktari aweza kuuona mshipa kwa mawimbi ya sauti, akapitisha ndani yake uzi mwembamba wenye joto la umeme au mwanga wa leza, akauziba bila kuung'oa. Au akautia kwa sindano dawa iliyopigwa ikawa povu. Mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo kwa miguu yake. Huko Uingereza jaribio lililohusu wagonjwa 450 wenye madonda, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018, lilionyesha kwamba waliozibwa mishipa mapema, pamoja na kufungwa bendeji, walipona kwa siku 56 kwa kadiri ya katikati, na waliofungwa bendeji kwanza wakangojea walipona kwa siku 82. Mashine hizo hazijafika kila mahali. Bendeji yaweza kufika.

Na habari ya bendeji nisingependa kuipita upesi. Mwishoni mwa karne ya 19 tabibu wa ngozi wa Hamburg, Paul Gerson Unna, alifunga miguu yenye madonda kwa kitambaa kilicholoweshwa dawa ya zinki, akakiacha kwa siku nyingi kikakauka kama kiatu. Katika karne ya 20 Conrad Jobst, mhandisi aliyekaa Toledo katika Marekani, alikuwa mwenyewe mgonjwa wa mishipa na madonda. Aligundua kwamba akisimama katika bwawa la kuogelea miguu yake hupata nafuu. Mtu wa kawaida angelifurahia nafuu akatoka. Yeye, kwa kuwa alikuwa mhandisi, alifikiri: maji hubana zaidi kadiri yalivyo na kina, basi kifundoni hubana kuliko gotini, na gotini kuliko pajani. Mnamo mwaka 1950 alikwisha kutengeneza soksi zinazobana kwa namna hiyo hiyo, sana chini na kidogo juu. Kanuni yake ndiyo inayofuatwa hadi leo.

Lakini yuko aliyemtangulia Jobst kwa zamani nyingi, naye ni jirani yetu. Twiga ana mguu mrefu kuliko mtu mzima, na moyo wenye msukumo mkubwa mno ili damu ifike kichwani. Kwa hesabu ya kawaida miguu yake ingevimba kama magunia. Haivimbi. Wataalamu waliompima, wakachapisha matokeo yao mwaka 1987, walionyesha kwamba ngozi na utando wa miguu yake umekazwa sana, hata ukawa kama soksi aliyozaliwa nayo. Nilimwambia senje habari hii, akaniuliza soksi hizo zinauzwa wapi.

Nimefika sasa kwa mtu ambaye kwa ajili yake hasa nilitaka kuandika, kwa sababu alikaa karibu nasi, alituuliza habari zetu, na akakosea kwa njia yenye manufaa. Jina lake Denis Burkitt. Alizaliwa mwaka 1911 huko Enniskillen, Ireland, na alipokuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja alipoteza jicho moja. Wakati wa vita vya pili alikuwa daktari wa jeshi, akatumika pia katika Kenya na Somalia. Mwaka 1946 alikuja Uganda, akapelekwa Lira, kisha akawa mpasuaji wa Mulago, Kampala. Huko alitambua saratani ya taya za watoto ambayo leo huitwa kwa jina lake, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu maili 10,000 hivi, hospitali kwa hospitali, kutoka Uganda hadi Afrika ya Kusini, wakiuliza wapi ugonjwa huo upo na wapi haupo. Hakuwa na mashine. Alikuwa na ramani na maswali.

Alipokwisha kurudi London katika miaka ya 1960 aliendelea kwa njia ile ile juu ya magonjwa mengine. Aliwaandikia madaktari wa hospitali za misheni, wengi wao wa Afrika, akawauliza: kwa mwaka mwaona wagonjwa wangapi wa bawasiri? Wa kidole tumbo? Wa mishipa ya miguu iliyotuna? Majibu mengi yalisema: wachache mno. Naye alijua kwamba huko Ulaya ni wengi mno. Uchunguzi wa baadaye katika mji wa Edinburgh ulionyesha kwamba kadiri ya theluthi moja ya watu wazima wanayo mishipa hiyo. Kwa nini tofauti hii? Mwaka 1972, katika jarida kuu la madaktari wa Uingereza, Burkitt alitoa jibu lake. Wazungu hula unga uliokobolewa na kuchekechwa mpaka makapi yakaisha. Choo chao huwa kigumu, nao hujikamua kwa nguvu. Kujikamua huko huongeza msukumo tumboni, msukumo hushuka katika vena za miguu, na baada ya miaka vilango hushindwa. Mwafrika wa shambani hula nafaka pamoja na makapi yake na mboga za majani, basi vilango vyake hudumu.

Utaona jinsi jibu hili linavyopendeza. Laanza jikoni likaishia kifundoni bila kuruka hatua. Nasi tulio Kakamega twaweza kulipenda kuliko watu wengine, maana twakumbuka chakula alichokisifu: sima ya wimbi na mtama uliosagwa juu ya jiwe, mrenda, kunde, saga na mito. Twakumbuka pia jinsi mahindi yalivyoingia na kushinda, kisha vinu vya injini, kisha unga mweupe wa mfuko wa karatasi. Burkitt alikuwa na haki kubwa katika habari ya tumbo, na shauri lake la kula makapi ya nafaka laheshimiwa mpaka sasa.

Katika habari ya miguu hakufaulu. Waliopima baada yake hawakupata uthibitisho wenye nguvu kwamba choo kigumu ndicho chanzo. Urithi, umri, mimba na kusimama vilibaki mbele. Na mimi nina shaka yangu nyingine, ambayo si ya kitaalamu. Miaka ile Burkitt alipokuwa akingoja barua, nyanya yangu, ambaye twamwita kukhu, alikuwa hapa hapa. Alikwisha kuzaa watoto tisa. Alikula wimbi na mrenda maisha yake yote. Mumewe alikuwa mmoja wa vijana waliofanya kazi katika mgodi wa dhahabu wa Rosterman kabla haujafungwa mwaka 1952, naye kukhu alilima peke yake. Mishipa ya miguu yake ilikuwa minene kama vidole. Niliiona kwa macho yangu alipokuwa mzee. Hospitali za misheni zilikuwapo Kaimosi na Mukumu, mbali lakini si mbali mno. Hakwenda hata mara moja kwa ajili ya miguu. Angekwenda kusema nini? Kwamba jioni miguu ni mizito? Gauni lake lilifika chini, na kwenye ngozi nyeusi mshipa hauonyeshi rangi ya samawati inayomshtua Mzungu. Basi daktari aliyehesabu wagonjwa katika daftari lake kwa uaminifu wote aliandika ukweli, na kukhu hakuwamo ndani ya ukweli huo. Sisemi kwamba tofauti aliyoiona Burkitt ilikuwa ya uongo mtupu, huenda ilikuwapo. Nasema kwamba daftari la hospitali huhesabu wanaoingia mlangoni, na aliyebaki shambani hahesabiwi.

Burkitt alikufa mwaka 1993. Mwaka huo senje alikuwa bado mzima, akisonga sima.

Wala usifikiri kwamba kila donda la kifundoni ni la vena. Huku kwetu magharibi wako vijana wengi wenye ugonjwa wa selimundu, nao hupata madonda mahali pale pale. Yako ya kisukari. Yako ya ateri zilizoziba, na mguu wa namna hiyo ukibanwa kwa bendeji huweza kufa. Kwa hiyo kwanza hupimwa kama damu inafika nyayoni, kisha ndipo mguu hufungwa.

Aliyempima senje alikuwa muuguzi kijana, katika kituo ambacho alikwenda kwa ajili ya jambo jingine kabisa. Alimwambia, "Mama, panda juu ya kibao hiki, nipe mgongo." Senje alishangaa. Kwa miaka kumi na mmoja kila aliyemtibu alimlaza kitandani. Na mtu akilala, damu huondoka mguuni, mishipa hujificha. Hakuna aliyewahi kumsimamisha. Muuguzi yule alipiga magoti nyuma yake, akatazama, akafuata mshipa kwa kidole kutoka kifundoni hadi juu ya goti, akasema, "Ugonjwa wako hauko kwenye kidonda. Uko huku juu." Akagusa mishipa ya unyayo kuona kama inapiga. Kisha akasafisha, akafunga bendeji za tabaka tabaka kutoka vidoleni hadi chini ya goti, akaagiza arudi kila juma, atembee, asisimame bure, na miguu ya kitanda upande wa chini iwekewe matofali mawili mawili.

Mimi ndiye niliyetafuta matofali hayo. Juma la kwanza senje alilalamika kwamba anateleza kuelekea ukutani usiku kucha. Mwezi wa pili harufu iliisha. Mwezi wa tano kidonda kilifunga, kikaacha ngozi nyembamba ing'aayo kama karatasi ya mafuta. Kilifunguka tena mara moja, alipoziacha bendeji kwa sababu ya joto la jikoni, kikafunga tena aliporudia. Alishauriwa juu ya upasuaji, akasema atafikiri, na bado anafikiri. Shule ilimpa kazi ya kugawa vikombe, ambayo ina kiti, naye aliifanya mpaka alipostaafu.

Likizo iliyopita nilimkuta Amalemba barazani, bendeji zake zimefuliwa na kuanikwa juu ya ua kama riboni. Nilimsimulia habari za Marius, jinsi alivyokataa kamba, jinsi alivyokaa kimya. Hakushangaa sana. Aliuliza, "Na ule mguu wa pili, ulimpata nini?" Nikamwambia mwandishi hakusema. Alicheka, akainuka kuzianua bendeji, kwa maana mvua ya alasiri ilikuwa imeanza kutia giza upande wa msituni.